Utamu wa Biskuti Umetoka Wapi

Krismasi iliyopita mjukuu wangu alitandika kitambaa mezani, akaweka sahani, akaichana kwa meno pakiti ya biskuti za dukani na kuzimimina. Alikuja na mchumba wake, kijana msomi na mpole, aliyeniamkia vizuri kabisa. Kijana akachukua biskuti moja, akaniambia kwa nia njema: "Babu, poleni na yale maisha ya Ujamaa. Mama anasema sukari ilikuwa hakuna, na Krismasi yenu ilikuwa ugali tu kama siku nyingine."

Niliirudisha biskuti yangu kwenye sahani. Ilikuwa duara kamili, imechapwa jina la kiwanda katikati, na haikunukia kitu chochote. Sikumjibu, kwa sababu mgeni hajibiwi kwa hasira mbele ya chakula. Lakini hasira nilikuwa nayo, na mpaka leo haijaisha. Kwa hiyo naiandika, muisome nyinyi vijana, mjue mnachonipa pole ni kitu gani.

Nilikuwa mwoka mikate hapa Mwanza, Mkuyuni, mpaka nilipostaafu. Sikuisomea kazi hii popote. Sehemu nilifundishwa na Mzee Kato, Mhaya aliyekuwa mkubwa wa tanuri nilipoanza, na sehemu nilijifunza mwenyewe kwa kujaribu, kuharibu na kujaribu tena. Tanuri letu lilikuwa la matofali, la kuni, na tanuri la matofali lina tabia moja ambayo majiko yenu ya siku hizi hayana: halipoi upesi. Mikate ya asubuhi ikishatoka na makaa yakiwa yamekokotwa nje, kuta hubaki na joto saa nyingi. Joto hilo halitoshi mkate. Kitu chembamba linakitosha sana.

Watu wa mtaa walilijua hilo kabla mimi sijafika. Siku ya mkesha wa Krismasi, jua likiwa utosini, walijipanga kwenye mlango wa nyuma wakiwa na biskuti mbichi kichwani, zimepangwa juu ya mabati ya madebe yaliyofunuliwa na kusuguliwa kwa mchanga. Waislamu walikuja vivyo hivyo siku moja kabla ya Idi. Hakuna aliyelipa. Joto lenyewe lingepotea bure, basi lilikuwa la kila mtu.

Kwa kuwa biskuti za nyumba nyingi ziliingia pamoja, kila nyumba ilikuwa na alama yake. Nyumbani kwangu tulikandamiza kichwa cha ufunguo wa sanduku la bati alilokuja nalo mke wangu tulipooana. Jirani yetu Mama Leokadia, mshona nguo, alitumia kifungo cha koti chenye matundu manne. Nyumba nyingine zilitumia meno ya kitana au kizibo cha soda. Kupiga alama ilikuwa kazi ya watoto, na asiyeifikia meza alisimamishwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Watoto wangu waligombania ufunguo ule kuliko walivyogombania nyama. Sasa niambieni, nani kati yenu amewahi kugombania kuchana pakiti?

Mzee Kato alinifundisha kupima joto siku kama hiyo. Nilimuuliza moto una joto kiasi gani.

"Usiniulize mimi, waitu. Uulize unga," akasema, na "waitu" kwao Wahaya ni kama kusema ndugu yangu. Akatupa ngano kidogo kwenye sakafu ya tanuri, akaanza kusali Baba Yetu kwa sauti ya chini. Unga ukiungua kabla ya "utupe leo," ngoja kwanza. Ukifika "amina" umepata rangi ya ganda la karanga, ingiza. Ukibaki mweupe, nenda nyumbani.

Nikajaribu mimi, Mkatoliki, nikaingiza trei, zikatoka zimeungua nje, mbichi katikati.

"Unaona?" akasema Kato. "Baba Yetu ya Wakatoliki mnaikimbiza mno. Mungu anasikia, lakini tanuri halisikii. Sali Kilutheri."

Tangu siku hiyo nimesali Kilutheri mbele ya kila tanuri, na padre wangu anajua.

Sasa tuje kwenye hiyo sukari. Ni kweli ilikuwa adimu. Tulipanga foleni, na mara nyingi foleni iliisha kwa mtu kutoka dukani akitikisa mkono hewani. Sikatai. Ninachokataa ni hilo neno lenu "kwa hiyo". Hakuna sukari, kwa hiyo hakuna biskuti. Nani aliwaambia utamu wote duniani huzaliwa kiwandani?

Sisi huku tuna matobolwa. Kiazi kitamu huchemshwa, humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa juani mpaka kiwe kigumu kama kigae. Kisichanganywe na michembe, ambayo hukatwa ikiwa mbichi, kwa sababu michembe haina utamu huo na biskuti zake hunuka vumbi. Matobolwa hutwangwa kwenye kinu, huchekechwa kwa kitambaa chepesi, na chenga hurudishwa kwenye kinu. Hapo ndipo jasho lilipo, na ndipo familia nzima inapohitajika, maana mkono mmoja hautoshi. Vikombe viwili vya ngano kwa kimoja cha unga wa matobolwa. Ukizidisha matobolwa unapata tofali. Samli, ile ya wafugaji wa Usagara, husuguliwa kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama mchanga wa ufukweni uliolowa kidogo. Magadi kiasi cha kushika kwa vidole viwili, yayeyushwe kwenye maziwa ya mgando. Yakitoa povu ni mazuri. Ukizidisha magadi, biskuti itakuwa ya manjano na itakuwa na ladha ya sabuni, na hakuna utamu wa kuiokoa. Kanda kidogo tu. Biskuti si chapati. Ukiikanda sana inakukasirikia.

Kashata nazo tulitengeneza. Karanga zilikuwepo, asali ya porini ilivushwa kutoka upande wa Sengerema, na sukari guru ilipatikana kwa anayejua kuuliza. Chemsha polepole mpaka tone ukilidondosha kwenye maji baridi liwe gumu na ukiligonga na kijiko lilie. Halafu mimina karanga, koroga mara chache, na umwage haraka. Wapi? Mwanza haikosi mawe. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na jiwe kubwa bapa, tuliliosha kwa maji ya moto, tukalipaka samli, na kashata ikamwagwa hapo asubuhi na mapema, jiwe likiwa bado na baridi ya usiku.

Shemeji yangu Bujiku alikuja mwaka mmoja akasema sisi tunachelewesha mambo, yeye atamwaga mchana. Mke wangu akamwambia, "Kaka, jiwe lina joto."

"Jiwe ni jiwe," akajibu Bujiku.

Akamwaga. Kashata ikakataa kuganda. Ikatambaa kuelekea chini kama mtu anayetoroka deni, na Bujiku akawa anaizuia kwa mikono huku akiita maji. Mijusi wale wenye vichwa vyekundu wakaja kuangalia. Mwishowe watoto walilala kifudifudi wakalilamba jiwe, na nakwambieni hawajawahi kuwa na Krismasi nzuri zaidi. Mpaka leo mtu akibisha bila kujua, kwetu tunamwambia: jiwe ni jiwe.

Ndiyo maisha mnayonipa pole. Kilichotuumiza hakikuwa ukosefu wa sukari. Kilichotuumiza nitakisema sasa, na kina mwenyewe.

Tanuri letu lilikuwa mali ya umma, na meneja mpya aliletwa kwetu wakati neno "mlanguzi" lilipokuwa linatoka vinywani mwa watu upesi kuliko shikamoo. Tulimwita Ndugu Meneja. Walanguzi wa kweli walikuwepo na walitutesa; simtetei hata mmoja. Lakini kuna watu waliolipenda neno lenyewe kuliko kazi ya kuwatafuta wanaostahili kuitwa hivyo.

Mkesha wa Krismasi yake ya kwanza alitokea kwenye mlango wa nyuma katika suti yake ya Kaunda. Trei ya Mama Leokadia ilikuwa ndiyo kwanza imetoka. Akachukua biskuti moja yenye alama ya kifungo, akaitafuna taratibu.

"Hii ya nani?"

"Yangu, ndugu. Karibu," akasema Mama Leokadia.

"Tamu."

"Asante."

"Sikukusifu, nimekuuliza. Nchi haina sukari. Utamu huu umetoka wapi?"

Mama Leokadia akacheka, akidhani ni utani. "Umetoka kwenye matobolwa, ndugu yangu. Viazi tu."

"Viazi!" Akawageukia watu waliosimama. "Mnasikia? Viazi vya huyu mama vimegeuka sukari."

Mzee Kato akaweka koleo chini. "Waitu, Ndugu Meneja, onja na za nyumba nyingine. Sote tumetia viazi."

"Kumbe. Nyote mmekubaliana jibu moja."

Mnaona mtego huo? Ukiwa peke yako, unasema uongo. Mkiwa wengi, mmepanga. Stoo yetu ilikuwa na sukari kidogo ya skonzi, na aliyeingia kuichukua kila asubuhi alikuwa Kato. Meneja hakupima stoo. Hakuuliza kama kuna kilichopungua. Alisema mbele ya mtaa mzima kwamba sukari ya umma inatoka mlango wa nyuma ikiwa ndani ya biskuti, akamtoa Kato kwenye tanuri na kumpeleka kupasua kuni. Trei za Mama Leokadia akaziweka juu ya kabati ofisini, eti ushahidi. Wengine akawaambia warudi makwao na unga wao mbichi. Watoto wa Mama Leokadia walikuwa wamesimama pale wakiwa wameshaoga, wanangoja. Mlango ukafungwa, na joto la tanuri likapanda kwenye bomba kwenda kuwapasha moto kunguru.

Aliyepewa nafasi ya Kato ni mimi. Sikuitaka. Nilimfuata kwenye rundo la kuni kumwambia nitakataa.

"Ukikataa wewe, ataleta asiyejua, na mtaa utakula mikate mibichi," akasema. "Shika koleo. Moto hauna kosa."

Lakini kuni hazikuwa ndilo jambo lenyewe. Kato alikuwa mzee wa kanisa kwao Walutheri, na Jumapili ndiye aliyepitisha kikapu cha sadaka. Maneno yalipofika kanisani, aliambiwa kwa upole apumzike kwanza mpaka yaishe. Maneno ya namna hiyo hayaishi, nyote mnajua. Mtu aliyelinda moto wa watu maisha yake yote sasa hakuaminika na kikapu. Alikwenda kanisani kama kawaida, akakaa benchi la nyuma, na kikapu kilipompitia alitia sadaka yake akiwa anatazama sakafu. Kwa mwaka mzima jina lake lilikuwa pale juu ya kabati pamoja na zile biskuti, nazo panya walizimaliza.

Ilipofika Krismasi iliyofuata mtaa ulikuwa unaoka nyumbani. Sufuria kubwa, mchanga chini, sahani ya bati juu ya mchanga, mfuniko, makaa chini machache na juu mengi. Inawezekana, na nimewafundisha wengi, lakini utaoka chache kwa mara moja, kila nyumba peke yake na moshi wake.

Siku ya mkesha nilikuwa nimekwisha kutoa mikate. Bibi mmoja akasimama kwenye mlango wa nyuma na kikapu kilichofunikwa kwa kanga. Alikuwa ameshuka kwenye kivuko kutoka Sengerema.

"Mwadila, baba," akanisalimu Kisukuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Namtafuta mwanangu, ndiye mkubwa wa hapa. Nyumbani kwake mkewe ana jiko la mafuta ya taa, linaunguza chini na juu hakuivi. Nikaambiwa, mbona mwanao ana tanuri?"

Akafunua kikapu. Biskuti mbichi, zimepangwa kwenye sinia kwa mistari, kila moja ina tundu la dole gumba katikati. Harufu ilinifikia kabla sijainama. Hata hivyo niliuliza, kwa sababu jambo kama hilo lazima lisemwe kwa mdomo.

"Bibi, humu umetia nini?"

"Matobolwa. Nitie nini kingine?" Akanishangaa. "Nilifundishwa jikoni kwa masista nikiwa msichana, wao wakitia sukari, mimi nikatia cha kwetu. Huyu mwanangu nimemkuza kwa hizi. Alipokuwa bweni nilimpelekea mfuko mzima, akaniandikia kwamba wenzake wanamwibia kwa utamu."

Basi alijua.

Nisimame hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Mwaka mzima nilikuwa nimemsamehe nusu, nikijisemea ni mtu wa ofisi, hajui kinu wala mchi. Kumbe siku ile alipotafuna biskuti ya Mama Leokadia, ulimi wake ulimwambia ukweli wote kabla hajameza. Alitambua utamu wa nyumbani kwa mama yake, na bado akaugeuka, ili aonekane amekamata mtu. Asiyejua nitamfundisha. Anayejua na kukana, nimfundishe nini?

Meneja akatokea. "Mama! Umekuja lini? Twende ofisini ukapumzike."

"Ofisini mnaoka?"

"Mama, hapa kuna utaratibu..."

Nilisema, "Bibi, mimi naweza kuzioka. Lakini mwenye mkono wa biskuti yuko nje, anapasua kuni."

"Mwite."

Meneja hakunizuia. Mbele ya mama yake angesemaje? Kato akaja, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akatupa unga tanurini na kuanza Baba Yetu. Bibi akaidaka akaisali naye, polepole, wakafika "amina" pamoja, na unga ulikuwa rangi ya ganda la karanga. Akaingiza sinia kwa koleo bila kuligongesha ukingo.

Bibi alimtazama. "Mkono kama huu unapasua kuni kwa nini?"

Kato hakuwa mtu wa kudanganya ili kumfichia mtu aibu. "Muulize mwanao, bibi."

Wafanyakazi wote waliacha walichokuwa wanafanya.

"Eti, baba?" Bibi alimgeukia mwanawe.

"Ni mambo ya kazi, mama."

Hapo nikasema mimi. "Alisema biskuti za viazi haziwezi kuwa tamu, bibi. Alisema huyu mzee ameiba sukari akawapa watu. Kanisani kwake hashiki tena kikapu."

Bibi alikaa juu ya gunia la pumba akangoja, nasi tukangoja, na meneja akangoja akiwa amesimama. Sinia ilipotoka aliokota biskuti moja, akaipuliza mara moja tu, akaiweka kwenye kiganja cha mwanawe.

"Kula."

"Mama, ina moto."

"Ulikuwa unazila zingali jikoni. Kula."

Akala.

"Tamu?"

"Tamu, mama."

"Utamu umetoka wapi?"

Alitazama mlango, na mlango ulikuwa umejaa watu.

"Sema. Na wale wa nyuma wasikie."

"Kwenye matobolwa," akasema meneja.

Bibi alifunika kikapu chake. Kabla ya kutoka alimwachia Kato biskuti tano kwenye jani, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilimfundisha kula, sikumfundisha kushukuru."

Kato alirudi kwenye tanuri siku hiyohiyo. Jumapili iliyofuata mimi na wenzangu wa tanuri tulikwenda kwenye ibada ya Kilutheri, tukaomba nafasi, tukasema tulichokiona, na kikapu kilirudi mkononi mwake kabla wimbo wa sadaka haujaisha. Mlango wa nyuma nao ulifunguliwa, na meneja akatangaza kwamba, baada ya uchunguzi, ameamua kuanzisha huduma mpya kwa wananchi. Huduma mpya! Ilikuwepo kabla hajazaliwa. Mama Leokadia hakuombwa radhi na mtu yeyote. Hakuleta tena trei zake kwetu, na wanawe walikua bila kuzila zile za mwaka ule. Hilo halikurudishwa na haliwezi kurudishwa.

Kwa hiyo msiniambie sukari iliua biskuti zetu. Ilipokuwa haipo, tulijipanga hadi barabarani. Meneja naye alijaribu kuziua, akashindwa na mama yake. Waliofanikiwa ni nyinyi, na wazazi wenu niliowazaa mwenyewe, mnaopita na sukari mkononi, samli dukani, jiko la umeme jikoni, kisha mnachana pakiti kwa meno mkinipa pole.

Lile sanduku la bati lilioza zamani, na kufuli sijui liko wapi. Ufunguo ninao. Siku ya mkesha wa Krismasi ijayo nitakuwa nimeshawasha moto na jiwe la nyuma litakuwa limepakwa samli alfajiri. Mje mapema, kila nyumba na alama yake. Mwenye pakiti aiache kwao. Na yule kijana mpole usimwache, mjukuu wangu, namhitaji. Akiniuliza utamu umetoka wapi, nitamkabidhi mchi.